Jino Moja la Mbele

Kwanza niwatoe wasiwasi: meno yangu yapo, yote. Mwenye shaka apite dukani nimfungulie mdomo. Nimechoka kuona wateja wakinichungulia kinywani ninapowapima kiuno, na jirani yangu wa mboga amethubutu kuniuliza kama siku hizi nala mahindi kwa upande. Swali lenu la pili, kwa nini pale barabara kuu sasa napitwa na kila kitu chenye magurudumu, lina jibu hilo hilo. Kila mmoja hapa Voi tayari ana safari yangu anayoisimulia, kwa hivyo nimeona niandike ile niliyokwenda mimi mwenyewe.

Voi, kwa Fundi Sudi

Kwa wasiojua mambo ya nyumbani kwetu: mimi Mwikali ni Mkamba niliyeolewa na Mdawida, yaani Mtaita. Mume wangu, Mwadime, anafanya kazi Taveta na huja akipata ruhusa. Mama yake, ambaye mimi humwita Mama tu, anaishi Kishushe. Dada mkubwa wa huyo Mama, tunayemwita Mama Mkubwa, anaishi Ronge, juu kabisa mlimani. Hao wawili walikuwa hawasemezani tangu mazishi ya mama yao. Mama ndani ya gari hutapika mpaka anaishiwa nguvu, na siku hiyo ya mazishi alikuwa akishuka na kutembea, akipanda na kushuka tena. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Akamwambia dada yake, "Hukunisubiri." Dada yake akamjibu, "Wewe hufiki." Wakaachana hapo, na miaka ikapita.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, Mama alilainika moyo. Aliniomba nimpeleke Ronge kwa pikipiki yangu, maana kwenye upepo hatapiki. Tulipanda vizuri mpaka kwenye kona moja kali ya mawe ambayo watu wa huko wanaiita Shuka, kwa sababu kila abiria hushuka hapo atembee. Pikipiki ilikohoa, ikazima. Mama alishuka na magoti yake mabovu, akajikokota kidogo, akaketi juu ya jiwe. Wapita njia walimpa pole, na nadhani hizo pole ndizo zilizomwumiza zaidi. "Nirudishe," akasema. "Na siku nikirudi hapa, mimi sishuki."

Kumbe juu kule Mama Mkubwa alikuwa ameambiwa mdogo wake yuko njiani. Alisikia pikipiki ikinguruma, akainjika chai. Kisha akasikia imenyamaza, halafu akaisikia ikiteremka. Akasema mbele ya majirani kwamba mdogo wake amefika karibu na mlango akageuka kwa kiburi. Basi mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo, na safari hii kilichoharibu ni pikipiki yangu. Niliumia sana. Nilikuwa nashona sare za shule huku nawaza ile kona.

Ndipo nikaenda kwa Fundi Sudi. Wengi mnamjua, yule mzee mwenye kofia nyeupe isiyopata doa la oili hata siku moja.

"Wataka kukimbia ama wataka kupanda?" akaniuliza.

"Nataka vyote, Mzee."

"Vyote hupati, mwanangu. Chagua kimoja."

Nikachagua kupanda. Akanionyesha sproketi, lile gurudumu dogo la meno lililo karibu na injini, linalovuta mnyororo. "Injini siigusi," akasema. "Natoa jino moja hapa mbele, yaani nakuwekea nyingine yenye meno pungufu kwa moja. Wewe ukiwa na ndoo ya maji kichwani, mlima waupanda kwa hatua ndefu?"

"Hapana, fupi fupi."

"Basi na yeye nitamkatia hatua fupi. Akiondoka ataondoka kwa nguvu, na mlima atauvuta. Ila huko barabara kuu utasikia kelele nyingi na mwendo mdogo. Usije hapa kunilaumu."

Alipomaliza, nikaachia klachi vile nilivyozoea. Pikipiki iliruka mbele kwa nguvu ambayo sikuitegemea na ndara yangu moja ikabaki kwa Fundi Sudi. Aliniletea mwenyewe, akiitazama ile pikipiki kwa furaha. Sproketi ya zamani aliifunga kwa kitambaa, nikaitia mfukoni mwa begi.

Nikampigia Mama. Mnajua mtandao wa Kishushe: lazima upande juu ya kichuguu, na upepo unaongea kuliko mtu.

"Mama! Nimetoa jino moja la mbele!"

"Umetoa nini?"

"Jino! Moja tu, la mbele! Sasa tutapanda Shuka bila kushuka!"

Nikamsikia akisema, "Uuwi, mwanangu," na simu ikakatika. Nikadhani amefurahi.

Voi hadi Mwatate

Fundi Sudi alisema kweli. Kwenye lami injini ililia wee, na mkonge wa pande zote mbili ukawa hauishi. Malori yalinipita, probox za abiria zikanipita, na mzee mmoja mwenye pikipiki iliyobeba godoro la watu wawili akanipita huku akinipungia mkono kwa huruma. Nilijifariji kwamba mimi nakwenda kupanda, sikuja kukimbia.

Karibu na Mwatate nikasikia mnyororo unagonga. Ulikuwa umelegea. Nikasimama kwa kijana mmoja fundi aliyekuwa na kibanda karibu na mama wa chapati. Aliinama, akachungulia, akanyanyuka na uso wa mtu anayeleta habari mbaya.

"Madam, umechezewa."

"Nimechezewaje?"

"Nani alikuwekea hii kitu kadogo hivi? Mtu akitaka nguvu anawekewa kubwa."

"Kubwa ni ya nyuma," nikamwambia. "Ya mbele inatakiwa ndogo."

"Kubwa ni kubwa tu, madam."

Waliokuwa wakila chapati wakaingilia. Mmoja akasema mbele ndogo, nyuma kubwa, ndio nguvu. Mwingine akasema hivyo ni vya baiskeli. Wa tatu alisema shemeji yake aliweka kubwa mbele, akapata mwendo wa ajabu lakini kilima cha shuleni kikamshinda, na hakuna aliyemsikiliza ingawa yeye ndiye aliyekuwa na ushahidi. Mimi nilikula chapati mbili na maharagwe nikiwatazama. Mwishowe mama wa chapati akamwuliza yule fundi, "Kwani ni wewe unapanda huko? Kaza cheni mtoto aende." Kijana akalivuta gurudumu la nyuma kidogo, akakaza. Aliniaga akisema, "Ikikushinda urudi nikuwekee kubwa."

Mwatate hadi Kishushe

Kupanda kwenda Wundanyi nilianza kuelewa nilichopewa. Kona ambazo zamani nilikuwa naziomba msamaha, sasa nilizichukua nikiwa nimekaa wima. Baridi ya juu ilinipata nikiwa na sweta jepesi, nikanywa chai ya tangawizi nimesimama, nikiwaangalia wanawake wakipanga kabeji barabarani. Kisha nikaanza kuteremka upande wa pili, ambako kijani kinakatika ghafla na vumbi linaanza.

Huko chini magari ni ya kubahatisha. Nilimkuta bwana mmoja akitembea peke yake na kijinyundo kiunoni, nikampa lifti. Alikuwa mtafuta mawe ya thamani, na tangu alipokaa mpaka aliposhuka hakuacha kusema. Tulipofika kwenye bonde moja akanigonga begani.

"Zima."

Ndovu walikuwa wamesimama barabarani. Si wa kutisha, walikuwa tu wamesimama, kama watu waliomaliza ibada na hawataki kwenda nyumbani. Nilitaka kupiga honi. Akanizuia. "Hawa hawaambiwi," akasema. "Tuketi. Una haraka gani?"

Nikamweleza kwamba mama mkwe wangu ni mtu wa kughairi, na nikichelewa huenda nikamkuta ameshabadili nia. Akasema basi afadhali tule. Alikuwa na mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko, tukala kwenye kivuli cha mti wa miiba. Akafungua kitambaa akanionyesha jiwe, akalilamba ili rangi itoke. Lilitoka kijani kidogo upande mmoja. Nami nikaona si adabu kutazama cha mwenzio bila kuonyesha chako, nikafungua kitambaa changu.

"Hii umeichimba wapi?"

"Ni jino la pikipiki. Nimelitoa ndio niweze kumpandisha mama mkwe mlimani."

Alicheka mpaka akapaliwa na muhogo, na ndovu mmoja akageuza kichwa. Katika safari yote hiyo, ni yeye peke yake aliyelielewa hilo jino mara moja. Jua lilikuwa limeshapinda wale ndovu walipoamua kuondoka, mmoja mmoja, bila haraka yoyote.

Kishushe

Mama alinipokea kwa sauti ya chini, kama mtu anayepokea mgonjwa. Akanishika mkono hadi kwenye kiti. Akaniletea uji mwepesi, umepoa.

"Mama, nimetoka Voi. Hakuna hata kiporo cha ugali?"

"Utaweza kutafuna?"

"Kwa nini nisiweze?"

Akanishika kidevu. "Fungua." Nikafungua. Akayatazama ya juu, akayatazama ya chini, akarudia. "Lile la mbele liko wapi?"

Nikatoa kitambaa kwenye begi nikamwekea sproketi mapajani. Aliigeuza geuza, oili ikamshika vidole. Nilimwona anaelewa. Nilitegemea acheke, lakini alishika kichwa.

"Mwikali, mimi nimeshasema."

Alikuwa amemwambia mke wa katekista ili wamwombee mkaza mwanawe aliyeng'oa jino. Mke wa katekista ana ndugu Ronge, akampigia. Habari ilipofika juu ilikuwa imenenepa: yule mkwe Mkamba ameapa kwa jino lake, amelitoa, na hataweka lingine mpaka hao ndugu wawili waketi pamoja. Kwa mtu mwingine ingeonekana ni upuuzi. Lakini Mama Mkubwa, akiwa msichana, aliwahi kuwaona wazee wa Kikamba waliochongwa meno ya mbele, na tangu hapo anaamini kwamba Mkamba akiwa na jambo zito hulimalizia mdomoni. Alilia. Halafu akatuma neno, la kwanza baada ya miaka yote hiyo: "Mwambieni aje. Mtoto wa watu hawezi kung'oa jino kwa ajili yangu halafu mimi nifunge mlango."

Sikujua nicheke au nilie. Nilimwambia Mama tupige simu tuseme ukweli.

"Tukisema leo atadhani tumemfanyia mchezo, na mlango utafungwa tena," akasema. "Acha nifike kwanza. Nikishafika nitamwambia mwenyewe. Wewe ukiwa huko, funga mdomo."

"Mimi, Mama?"

"Najua," akasema. "Jaribu."

Kishushe hadi Shuka

Tuliondoka asubuhi, Mama amevaa koti la marehemu baba mkwe juu ya leso mbili, kuku mmoja kwenye kikapu, unga wa mahindi kwenye mfuko uliofungwa nyuma. Yeye si mwembamba, na hakubali kwenda mahali mikono mitupu. Hakutapika. Alikuwa akinionyesha njiani mashamba ya watu aliosoma nao, nani aliuza, nani alikataa kuuza. Tulipopita Wundanyi na kuteremka tena Mwatate, yule kijana fundi alituona, akanyoosha shingo, akahesabu mizigo. Nilimpungia mkono kwa huruma.

Njia ya Ronge tulipoianza, Mama aliacha kunionyesha mashamba. Nilihisi mikono yake ikinikaza kiunoni. Mimi mwenyewe nilikuwa na wasiwasi, maana jino moja ni jino moja tu, na Fundi Sudi hakuwahi kumpima Mama.

Shuka ikatokea. Chini yake palikuwa na watu wawili watatu wakipumzika na mizigo yao ya kuni, na pikipiki ya mtu mwingine iliyokuwa ikisukumwa. Walipotuona wakafanya wanavyomfanyia kila mgeni, kwa nia njema kabisa. "Shuka, Mama! Shuka!"

Nikaweka gia ya kwanza. Pikipiki ikanguruma, ikapunguza mwendo, mawe yakaanza kuruka pembeni. Nikasubiri kile kikohozi. Hakikuja. Ilikuwa ikipanda polepole, hatua fupi fupi, lakini ilikuwa ikipanda.

"Shuka, Mama, itazima!"

"Sishuki!" Mama akapiga kelele masikioni mwangu. "Mimi sishuki!"

Tulilipita lile jiwe alilokalia. Kuku naye alikuwa akipiga kelele zake. Tulipofika juu pa usawa nilihisi paji lake la uso limelala mgongoni kwangu, na aliliacha hapo mpaka tukaona lango. Nilifurahi kiasi kwamba ningeimba, kama ningekuwa na ruhusa ya kufungua mdomo.

Ronge

Mama Mkubwa alikuwa amesimama langoni, mrefu, mkono kiunoni. Bila shaka alikuwa ameisikia pikipiki tangu chini na kungoja kama itanyamaza. Hakusalimia. Alimtazama Mama akishuka taratibu, akijinyoosha magoti.

"Umefika," akasema.

"Nimefika," Mama akajibu.

Wakashikana mikono, wakaachiana haraka, kama mikono ina moto. Kisha Mama Mkubwa akanigeukia mimi, akanishika mashavu kwa viganja viwili, macho yakamjaa machozi. "Maskini mwanangu," akasema. Nilitabasamu midomo imefungwa. Nilijisikia mwizi.

Alitupikia kimanga, ndizi na maharagwe yamepondwa pamoja, na changu alikiponda peke yake tena na tena mpaka kikawa cha mtoto mchanga. Nilikula nikiziba mdomo kwa mkono. Aliponiuliza za Voi niliitikia kwa kichwa. Aliponiuliza kama panauma nilitazama chini. Mnaonijua mimi mnaweza kukadiria mateso yangu. Nilikuwa namkonyeza Mama amwambie, naye alikuwa anatafuta pa kuanzia na hapaoni, na kila akifungua mdomo dada yake alikuwa anamwongezea chakula.

Baada ya kula, Mama Mkubwa akaleta maji kwenye bakuli la kibuyu. Wadawida wana jambo lao linaloitwa kutasa. Mwenye kinyongo huchukua maji mdomoni, huyapuliza nje, na hasira hutoka pamoja nayo. Mama Mkubwa ni mtu wa kanisa, anaimba kwaya, na haoni kama mambo haya mawili yanagombana. Akampa Mama kwanza. Mama akajaza maji, akayapuliza mlangoni kwa ukungu mwepesi. Akasema, "Nilikasirika kwamba hukunisubiri. Itoke."

Ikawa zamu ya Mama Mkubwa. Akajaza mdomo, mashavu yakavimba. Akaelekea mlangoni, lakini kabla hajapuliza akageuka anitazame mimi, mtoto wa watu aliyeng'oa jino. Na mimi, nawaambia ukweli, nilikuwa nimesahau kila kitu. Nilikuwa nalia waziwazi na kucheka kwa pamoja, mdomo wazi, meno yote nje.

Nikaona macho yake yakienda kutoka upande huu hadi upande ule. Yakarudi. Nikafunga mdomo, lakini nilikuwa nimechelewa. Mabega yake yakaanza kutetemeka, mashavu yakajitahidi kuyazuia yale maji, kisha kicheko kikamtoka puuu, na maji yote yakaenda usoni kwa Mama.

Maji yalikuwa yakimtiririka Mama kidevuni hadi kwenye koti la marehemu.

"Imetoka?" Mama akauliza.

"Imetoka," Mama Mkubwa akasema, akijifuta macho. "Imetoka yote. Hata ile niliyokuwa nimepanga kubaki nayo."

Ndipo wakaanguka mmoja juu ya mwingine, wakicheka na kulia, nami nikaweza kusema, nikasema kila kitu tangu Voi bila kuvuta pumzi. Nilimwonyesha sproketi. Aliitundika kwenye msumari kando ya mlango, akasema jino la Mkamba halirudi Voi.

Ronge hadi Voi

Nilirudi peke yangu, mwepesi, nikipitwa na malori, na sikujali hata kidogo. Mama alibaki. Alisema anakaa kidogo tu, na bado yuko huko.

Jana amenipigia. Nilikuwa nimeshaongea na Fundi Sudi anitafutie sproketi nyingine kama ile ya zamani, nikimbie kama watu. "Hilo jino usilirudishe," Mama akasema. "Dada yangu anataka kuja kwangu Kishushe umlete. Na wakati wa kumrudisha, mtapitia Shuka."

"Sawa, Mama. Kwani yeye magoti yake yako sawa? Pale anaweza kushuka atembee kidogo?"

Kabla Mama hajajibu, nikasikia sauti ya pili kwa nyuma, kali, inakaribia simu.

"Mwambie mimi sishuki!"